Waliowahi kufanya kazi za ndani waliuliza mshahara

Katika kikundi chetu cha wanawake wanaosoma vitabu hapa Houston, hakuna riwaya iliyotugombanisha kama The Help ya Kathryn Stockett. Tumewahi kusoma vitabu vizito kuliko hicho, vya vita, vya maradhi, vya watoto kupotea, tukavimaliza, tukanywa chai, tukaagana. Hiki kilitukalisha mpaka mhudumu wa maktaba akaja kutuambia anafunga, na watu wakaendelea kubishana huko nje kwenye magari. Nayaandika haya kwa kuwa mabishano yale yamenifunza mengi kuliko kitabu chenyewe, na kwa kuwa wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki ama tumelelewa na dada wa kazi, ama tumemwajiri, ama tumekuwa yeye.

Kwa ambaye hajakisoma: kilitoka Februari 2009. Hadithi inatokea Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi, kuanzia mwaka 1962, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zingali na nguvu, weusi na shule zao, weupe na zao, hospitali vivyo hivyo, maktaba vivyo hivyo. Wasimulizi ni watatu. Aibileen ni mama wa makamo aliyelea watoto wa Kizungu miaka mingi, na mwanawe mwenyewe wa pekee amekufa kwa ajali ya kazini. Minny ni mpishi hodari ambaye mdomo wake humfukuzisha kazi. Skeeter ni binti wa Kizungu aliyemaliza chuo kikuu akitamani uandishi, na yeye ndiye anayewashawishi wafanyakazi wa ndani wamsimulie maisha yao kwa siri ili atoe kitabu. Stockett mwenyewe ni Mzungu wa Jackson, na ameeleza mwishoni mwa riwaya kwamba nyumbani kwa babu na bibi yake alilelewa na mfanyakazi mweusi aliyefariki yeye akiwa na miaka 16. Muswada wake ulikataliwa na mawakala wa vitabu 60. Ulipopata mchapishaji, kitabu kikauzwa kwa mamilioni, filamu ikatoka Agosti 2011, na Octavia Spencer aliyeigiza Minny akashinda Oscar mwaka 2012.

Kikundi chetu ni mchanganyiko. Wamo Watanzania na Wakenya, wamo wamama wa Kikongo kutoka Kivu waliofika huku kama wakimbizi, na yumo bibi mmoja Mmarekani Mweusi, muuguzi mstaafu mzaliwa wa Mississippi, aliyeletwa na mwenzetu anayesali naye na siku hizi hakosi. Wengi tunaishi kwa kazi za majumbani mwa watu, usafi, kulea watoto, kuogesha na kulisha wazee. Mimi nilianza na usafi wa nyumba, sasa ni mlezi wa wazee. Kitabu tulikisoma kwa Kiingereza tukakijadili kwa Kiswahili, mmoja akikaa karibu na bibi kumtafsiria. Wenye zamu za usiku walikisikiliza tu. Toleo la sauti ni zuri mno, na sehemu za Minny zimesomwa na Octavia Spencer huyohuyo, miaka miwili kabla ya filamu.

Mama mmoja wa Nairobi, mhasibu, ndiye aliyefungua mazungumzo. Alisema amelia, na akaanza kulia tena palepale. Yeye alilelewa na yaya tangu uchanga mpaka alipopelekwa shule ya bweni. Likizo moja akarudi akakuta yaya hayupo, na hakuna mtu nyumbani aliyemweleza kwa nini. Kwa hiyo Skeeter anapohangaika kujua Constantine, mama aliyemlea, amekwenda wapi, mwenzetu aliona anasimuliwa maisha yake. Alikuwa na swali moja tu na alilirudia jioni nzima kwa namna mbalimbali. Constantine alimpenda Skeeter? Aibileen anampenda kweli yule mtoto anayemlea, Mae Mobley? Yaya alinipenda mimi? Walioungana naye walikuwa wengi, karibu wote wakiwa watu waliolelewa na dada au wanaomlipa dada huko nyumbani sasa hivi.

Dada mmoja wa Tanga alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kwa upole kabisa, "Dada yangu, huyo yaya wenu alikuwa analipwa ngapi?"

Mhasibu hakujua.

Lazima niseme kidogo kuhusu huyu wa Tanga. Alitolewa kwao akiwa binti mdogo akaletwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa ndugu wa mbali, baadaye akaenda Muscat kwa mkataba wa kazi hizohizo, na huku Houston anasafisha nyumba. Kitabu chake alikinunua kwenye duka la mitumba, jalada limekunjamana, na kila mahali panapotajwa fedha alikuwa amepiga mstari kwa kalamu ya bluu. Pembeni mwa kurasa kuna hesabu. Mwanzoni kabisa Aibileen anasema analipwa senti 95 kwa saa, pungufu kuliko alivyowahi kulipwa kwa miaka mingi. Dada wa Tanga alikuwa amezidisha hiyo senti 95 kwa saa za siku, kwa siku za wiki, akatoa kodi ya nyumba kwa kukisia, na chini ya hesabu ameandika kwa herufi kubwa NAULI?, kwa sababu Aibileen anakwenda kazini kwa basi. Nimesoma uhakiki mwingi wa riwaya hii na sijaona mahali mtu amemhesabia Aibileen nauli.

Baada ya siku ile nilikwenda kutafuta sheria ilisemaje. Mwaka 1962 kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 1.15 kwa saa. Aibileen hakuibiwa na tajiri wake peke yake. Sheria ya mwaka 1938 iliyoanzisha kima hicho haikuwagusa wafanyakazi wa ndani, na ile ya pensheni ya mwaka 1935 iliwaacha nje waziwazi, wao pamoja na vibarua wa mashambani, na hizo ndizo kazi mbili walizokuwa wakizifanya watu weusi wa Kusini kwa wingi. Pensheni ilianza kuwafikia mwaka 1950. Kima cha chini kiliwafikia mwaka 1974, na hata hapo wanaokaa na wazee na wagonjwa majumbani waliachwa. Kanuni iliyowaingiza walezi wanaoajiriwa kupitia wakala ilianza kutumika mwaka 2015. Hiyo ya mwisho ni kazi yangu mimi na ya nusu ya wale waliokuwa chumbani. Tulikuwa tunaizungumza Mississippi ya bibi zetu wa kufikirika, kumbe sheria yenyewe ilikuwa bado haijatufikia wengine tulipokuwa tayari tuko kazini.

Dada wa Tanga alikuwa na hoja nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria. Skeeter anapata ajira yake ya kwanza gazetini kwa kuandika safu ya ushauri wa usafi wa nyumba, naye hajawahi kufua wala kupiga deki. Barua za wasomaji anazipeleka jikoni kwa rafiki yake, bosi wa Aibileen, na Aibileen anamwambia doa hili linatoka kwa siki, lile kwa hivi, Skeeter anaandika. "Mwenye ujuzi hajaajiriwa," alisema dada wa Tanga. "Aliyeajiriwa hana ujuzi. Na sisi tunaambiwa tumshangilie." Mhasibu akamjibu kwamba gazeti la Wazungu la Jackson mwaka 1962 lisingemwajiri mwanamke mweusi hata kwa dawa, kwa hiyo Skeeter afanyeje? Ni kweli, na karibu na mwisho wa riwaya Aibileen anairithi safu ile kwa siri. Lakini niliona uso wa dada wa Tanga haukuridhika, na wangu pia. Katika nyumba nilizosafisha nimeona maarifa ya mfanyakazi yakisimuliwa sebuleni kama maarifa ya mwenye nyumba.

Sura iliyowanyamazisha wote ni ya Yule Mae. Huyu anafanya kazi kwa Hilly, yule mama kiongozi wa wanawake wa Kizungu wa mjini. Yule Mae ana vijana mapacha wanaotakiwa chuo kikuu, na katika fedha walizojikusanyia zimepungua dola 75. Anamwomba bosi wake mkopo na kuahidi kuulipa kwa kufanya kazi. Hilly anamkatalia kwa hoja ya dini, kwamba Mkristo wa kweli hawapi sadaka wenye afya na nguvu. Yule Mae anaiba pete, anakamatwa, anafungwa. Mama mmoja wa Bukavu alituambia sura hiyo aliisikiliza ndani ya basi siku ileile aliyotuma ada ya wadogo zake, akakosa nguvu ya kushuka kituoni kwake. Mwingine akasema kila Januari simu yake inakuwa nzito. Hapo hata mhasibu aliacha habari ya mapenzi. Sote tunajua kuhesabu ada na kukuta imepungua kidogo, na tunajua kuna mtu ambaye kiasi hicho kilichopungua kwake ni bei ya chakula cha jioni.

Kwenye pai tulitawanyika tena. Minny, baada ya kufukuzwa na kusingiziwa wizi, anampelekea Hilly pai ya chokoleti aliyoichanganya na kinyesi chake, na Hilly anaila kwa hamu. Filamu imekifanya kisa hicho kuwa maarufu kuliko vyote. Najua watu wasiokumbuka jina la Aibileen lakini pai wanaikumbuka. Kuna waliocheka mpaka wakashika mbavu. Mwenzetu wa Mombasa anayepika kwenye shughuli za harusi hakucheka. Alisema mpishi wa kweli anaweza kukutukana, kukuzira, kukuachia jiko na sufuria motoni, lakini chakula chake hatakitia uchafu, kwa sababu mkono wake ndio jina lake mjini. Kwake Stockett alikuwa amemvunjia Minny heshima palepale alipodhani anamlipizia kisasi. Nimeifikiria sana hoja hiyo na naiunga mkono. Riwaya inamsifu Minny kwa upishi tangu ukurasa anaotokea, kisha tendo lake kubwa kuliko yote ni kuuharibu upishi.

Bibi alikuwa kimya muda wote huo. Tulipomwomba aseme, hakuanza na pai. Alianza na mwaka 1963. Tarehe 28 Mei mwaka ule, wanafunzi na walimu wa Chuo cha Tougaloo walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Jackson, mahali pa Wazungu tu, wakamwagiwa sukari na haradali na kupigwa huku polisi wakitazama. Tarehe 12 Juni, Medgar Evers, kiongozi wa Mississippi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alipigwa risasi usiku akishuka kwenye gari mbele ya nyumba yake. Bibi alikuwa msichana. Mama yake alifanya kazi za ndani, na kesho yake asubuhi alikwenda kazini kama kawaida. Mwenye nyumba akamuuliza anaonaje mambo ya huyo Evers. Mama akajibu hajasikia lolote. Nyumbani walikuwa hawajalala.

"Hicho ndicho kitabu," bibi alisema. "Mwanamke anayejua kila kitu na kujibu hajasikia." Riwaya inamtaja Evers, hilo hakulikataa. Kilichomuumiza ni kwamba ujasiri wa wale wanawake unasubiri binti wa Kizungu aje na daftari, wakati mjini humohumo vijana weusi walikuwa wamekwisha kukaa kwenye ile kaunta. Mmoja wa waliokaa ni Anne Moody, aliyeanza kufanya kazi katika nyumba za Wazungu tangu utoto na mwaka 1968 akatoa simulizi ya maisha yake aliyoiandika mwenyewe. Na kuhusu pai bibi alisema maneno machache: katika Mississippi aliyoijua, mwanamke mweusi aliyefanya vile na kumwambia bosi wake usoni asingeishi kusimulia, na nyumba yake ingechomwa pamoja na waliomo.

Kisha akatusimulia jambo ambalo sijalisahau. Jumamosi mama yake alikuwa akimchukua kwenda naye kazini. Jioni, mume wa mwenye nyumba ndiye aliyewarudisha kwa gari, kwa kuwa basi halikufika kwao. Mama alimkalisha bibi, wakati huo mtoto wa miaka tisa hivi, kiti cha nyuma upande wa mlango ulio karibu na dereva, na yeye akakaa upande wa pili, mkoba mapajani, hasemi neno mpaka wafike. Mtoto aliipenda Jumamosi kwa sababu ya kupanda gari. Alikuwa mtu mzima, muuguzi tayari, ndipo siku moja akiwa kazini akaelewa ghafla kwa nini alichukuliwa. Alikuwa mlinzi.

Dada wa Tanga hakusubiri kutafsiriwa, alikuwa ameelewa. Akasema Muscat alilala miezi mingi akiwa amesukuma sanduku lake la nguo nyuma ya mlango, kwa kuwa mlango haukuwa na ufunguo. Pasipoti ilikuwa kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akiujaribu mlango.

Baadaye niligundua kuwa bibi alikuwa amesema kwa maisha yake waliyoyasema wanahistoria kwa kalamu. Filamu ilipotoka mwaka 2011, Chama cha Wanahistoria Wanawake Weusi cha Marekani kilitoa tamko la wazi. Kilisema kitabu na filamu vimenyamazia udhalilishaji wa kingono waliofanyiwa wafanyakazi wa ndani, vimewachora wanaume weusi kama walevi, wapigaji au watoro wa familia, vimewapa wanawake lafudhi iliyotiwa chumvi, na vimeyapunguza mapambano ya Mississippi hadi kuwa visa vya baina ya wanawake majikoni. Mwaka huohuo, Februari, mwanamke mweusi aliyekuwa mfanyakazi katika nyumba ya kaka yake Stockett alifungua kesi akidai jina lake na sura yake vimetumiwa kumuumba Aibileen bila idhini yake, akidai dola 75,000. Agosti mahakama ikaitupa kesi kwa kuwa muda wa kufungua madai ulikuwa umepita. Viola Davis, aliyeigiza Aibileen na kuteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo, alisema mwaka 2018 kwamba anajuta kushiriki, kwa kuwa mwisho wa yote sauti zilizosikika hazikuwa za wale wafanyakazi.

Mimi simchukii Stockett na sioni kitabu chake kuwa cha hila. Kinasomeka, kinajua kuchekesha, na sehemu za Aibileen na mtoto Mae Mobley zimeandikwa na mtu anayekumbuka kubebwa. Tatizo langu ni Hilly. Amefanywa mbaya kiasi kwamba hakuna mwajiri anayeweza kujiona ndani yake. Anaendesha kampeni kila nyumba ya Kizungu ijenge choo tofauti cha mfanyakazi mweusi eti kwa ajili ya kuzuia maradhi; anafunga watu; anadanganya. Msomaji yeyote mwenye dada wa kazi anamaliza kitabu akiwa amepumua, kwa sababu yeye si Hilly. Aliyestahili kututisha ni Elizabeth Leefolt, bosi wa Aibileen. Hana fedha. Nguo zake anashona mwenyewe ili aonekane sawa na wenzake. Choo cha Aibileen kinajengwa gereji kwa sababu Hilly amesema na Elizabeth hana ubavu wa kumkatalia. Hana chuki kubwa, ana woga na bajeti ndogo, na mwisho anamfukuza Aibileen huku akijua kwamba tuhuma za wizi ni za uongo.

Elizabeth tunaye. Waajiri wengi wa dada wa kazi huko kwetu si matajiri. Ni mwalimu, ni karani, ni nesi, ni mama muuza duka, anayelipwa kidogo na anayeweza kwenda kazini kwa sababu tu kuna binti aliyebaki na watoto, na binti huyo analipwa kidogo kuliko kidogo, au halipwi, anaambiwa anatunziwa. Nyumba za zamani za Oysterbay na Upanga zina vyumba vya watumishi nyuma, na Nairobi tangazo la nyumba ya kupanga bado linataja kama kuna SQ, yaani chumba cha mtumishi. Lakini nyumba nyingi hazina hata hicho, binti anatandika mkeka sebuleni wakishalala wengine. Ana kikombe chake. Katika kikundi, mwanamke mmoja alijitetea kwamba kikombe cha dada ni suala la usafi tu. Bibi alipotafsiriwa hilo alimtazama, hakusema kitu, na yule mwanamke akakisikia alichokisema. Mwaka huo wa filamu, tarehe 16 Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa ndani, na moja ya mambo yaliyomo ni mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nilipolisoma hilo kwa sauti chumbani, waliocheka walikuwa wale waliowahi kuwa madada. Walicheka kwa uchungu, maana walikuwa wakijaribu kukumbuka siku kama hiyo.

Lakini kuna mahali bibi hakutukubalia kabisa, na ndipo nilipojifunza zaidi. Baadhi yetu tulikuwa tumeanza kusema "sisi" kwa urahisi: sisi weusi, sisi wafanyakazi wa ndani, sisi kama Aibileen. Bibi akauliza, wale mnaowalea wanapokwambieni kuwa nyinyi Waafrika ni wachapakazi na wenye adabu, si kama weusi wa hapa, mnajibu nini?

Swali hilo lilikuta watu uchi. Kila mlezi wa wazee mle ndani ameshaambiwa maneno hayo. Yanasemwa kwa tabasamu, mara nyingi na mzee anayekupenda kwa dhati, na yana faida: yanakupa saa zaidi za kazi, yanakupa kupendekezwa kwa jirani. Mama wa Bukavu alisema yeye hunyamaza kwa kuwa kodi ya nyumba hainyamazi. Mwingine alisema hushukuru. Mimi nina jibu langu la miaka mingi, kwamba aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza ni mwanamke mweusi mzaliwa wa Texas, na kila ninachokifanya vizuri nimekipata kwake. Mzee mmoja hakuwahi kunisemesha tena vizuri baada ya jibu hilo. Bibi akasema, basi mjue kwamba hiyo sifa mnayopewa inalipwa na watu kama mama yangu, na hata Hilly alikuwa na mfanyakazi wake mzuri na wabaya wake. Akaongeza kwamba sisi tuna kwetu pa kupigia simu, lugha ya kujifichia mbele ya bosi, jina la ukoo tusiloazimwa. Mama yake hakuwa na Tanga ya kurudi. Mississippi iliyokuwa ikimtisha ndiyo hiyohiyo iliyokuwa kwao. Sikuona kwamba alikuwa anatufukuza. Alikuwa anataka tuseme "sisi" tukiwa tumeijua bei yake.

Dada wa Tanga akataka kujua kama wale wanawake waliwahi kujipanga wenyewe bila Skeeter. Bibi akamtajia Dorothy Bolden wa Atlanta, naye mfanyakazi wa ndani tangu utotoni, ambaye mwaka 1968 alianzisha Chama cha Taifa cha Wafanyakazi wa Ndani cha Marekani. Aliwaandikisha wanawake wakiwa vituoni wakisubiri basi, na kila aliyejiunga alitakiwa kwanza ajiandikishe kupiga kura. Dada wa Tanga aliandika jina hilo ndani ya jalada la kitabu chake, kwa ile kalamu ya bluu.

Kitabu kilichofuata tulichagua katika orodha ambayo wale wanahistoria waliipendekeza isomwe: Like One of the Family ya Alice Childress, iliyotoka mwaka 1956. Ni mazungumzo mafupi mafupi, Mildred, mfanyakazi wa ndani wa New York, akimsimulia rafiki yake Marge yaliyompata kazini. Bosi anapowaambia wageni kwamba Mildred ni kama mmoja wa familia, Mildred anamwekea wazi kwamba familia inakula chumba cha chakula na yeye jikoni, na mengine mengi. Tulikisoma kwa sauti kwa zamu. Hakuna aliyelia, watu waligongeana mikono.

Mhasibu alikuja siku hiyo na habari. Alikuwa amempigia mama yake Nairobi kumuuliza yaya alilipwa ngapi na kwa nini aliondoka. Mshahara mama hakuukumbuka. Alichokumbuka ni kwamba yaya alikuwa na mtoto wake mdogo aliyemwacha Kakamega kwa bibi yake, na kwamba aliomba ruhusa ya kwenda kumuona akaambiwa asubiri shule zifunguliwe. Mhasibu hakuwa amewahi kusikia kwamba kuna mtoto.

Anasema bado anaipenda The Help, na hataona haya, kwa sababu bila hiyo asingepiga ile simu. Bibi anamjibu kuwa mama yake hakuishi ile Mississippi ili watu wa Nairobi wakumbuke kupiga simu. Wanapendana, wanakaa kiti kwa kiti, na hakuna hata mmoja aliyemshinda mwenzake. Mwezi huu tunasoma Anne Moody.